Hiyo Asilimia ya "Waliosingiziwa" Umeitoa Wapi?



Ukitaka kuwasha moto kwenye grupu lolote la WhatsApp la mtaa, tuma habari ya mwalimu, ustadh au mlezi aliyeshikwa kwa kumdhulumu mtoto. Dakika kumi hazipiti. Mmoja ataandika, "Watoto wa siku hizi waongo, nusu ya hizi kesi ni za kusingiziwa." Mwingine atamrukia, "Mtoto hawezi kuzua jambo kama hili, asilimia 98 ni kweli." Kila mtu na asilimia yake. Waulize wameitoa wapi, utatumiwa skrinshoti ya skrinshoti, ama uulizwe wewe uko upande gani.

Leo tunataka kuongea nawe kuhusu hizo asilimia, manake zinafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Mama anaambiwa na jamaa zake asiende polisi kwa kuwa "kesi hizi nyingi huwa uongo", naye anarudi nyumbani na mtoto wake, basi imekwisha. Upande wa pili, mlezi anafukuzwa mtaani usiku kabla mtoto hajaulizwa hata swali moja na mtu anayejua kuuliza, kwa kuwa "mtoto hadanganyi". Wote wawili wanahukumiwa kwa nambari ambayo hakuna aliyeihesabu.

Hebu tuanze na hesabu yenyewe. Ili useme kati ya madai 100 kadhaa ni ya uongo, lazima ujue mambo mawili: madai yote ni mangapi, na yapi kati yake ni ya uongo. La kwanza ni gumu. La pili ni gumu zaidi, na nitakaa nalo kwa muda.

Madai unayoweza kuhesabu ni yale yaliyoandikwa mahali: kituo cha polisi, ofisi ya watoto, TSC. Watoto wengi hawafiki huko. Ndiyo maana uchunguzi wa kitaifa wa 2010 kuhusu ukatili dhidi ya watoto haukutegemea mafaili. Uliwauliza vijana wenyewe, wa miaka 18 hadi 24, na asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana walisema walipitia dhuluma ya kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Uliporudiwa 2019, ilikuwa asilimia 15.6 kwa wasichana na 6.4 kwa wavulana. Hizo ni dhuluma za mtu yeyote, si za walimu pekee.

Uchunguzi kama huo unawezekana kwa sababu aliyedhulumiwa anajua kilichomfika, na ukimkalisha faraghani anaweza kukuambia. Sasa kwa madai ya uongo utamuuliza nani? Aliyesingizia hatasema. Aliyesingiziwa atasema, lakini hata aliyefanya kweli atasema hivyo hivyo, neno kwa neno. Mwaka 2015 chama kimoja cha walimu cha Uingereza, ATL, kiliwauliza wafanyakazi wa shule na vyuo, na asilimia 22 wakasema wamewahi kusingiziwa na mwanafunzi. Sisemi wanadanganya. Huenda wengi wao wanasema kweli tupu. Lakini nambari hiyo inahesabu watu wanaosema wamesingiziwa. Waliosingiziwa kwa kweli ni hesabu nyingine, na hakuna njia ya kuipata kwa kuwauliza wao peke yao.

Na sisi tunaosimama na watoto pia tuna nambari zetu tunazozitembeza bila kuzikagua. Huenda umeiona hii: wasichana 12,660 walidhulumiwa na walimu hapa Kenya kati ya 2003 na 2007, na walimu 633 tu ndio walioshtakiwa. Inatajwa kutoka kwa ripoti ya 2009 ya TSC na shirika la CRADLE, na imenukuliwa magazetini na mikutanoni mara nyingi mno. Chukua simu yako, fungua kikokotoo, ugawanye 12,660 kwa 633. Umeona? Ni 20 kamili, bila hata nukta. Ukihesabu mafaili halisi ya watu halisi, ni nadra sana kupata nambari zinazogawanyika vizuri namna hiyo. Kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba kuna mahali mtu alichukua 633 akaizidisha mara 20. Yaani ni makadirio. Makadirio si dhambi, na huenda ukweli ni mkubwa zaidi. Lakini ukiipeleka kwenye mjadala kana kwamba ni hesabu ya vichwa, siku moja mtu mwenye kikokotoo atakuaibisha mbele za watu, na atakayelipa aibu hiyo ni mtoto aliyekuwa akisema kweli.

Kuna nambari nyingine iliyokaa vizuri zaidi: mwaka 2010 ilitangazwa kwamba zaidi ya walimu 1,000 walikuwa wamefutwa kazi katika miaka 2 kwa kuwadhulumu wasichana. Sawa. Hiyo ni hesabu ya walioadhibiwa. Haikuambii wangapi waliponyoka, wala wangapi walisingiziwa.

Sasa twende kwenye jambo la pili, yapi ni ya uongo, na hapa itabidi tutoke Kenya kidogo. Uingereza walijaribu kuhesabu kwa utaratibu. Kule kila halmashauri ina afisa ambaye lazima aarifiwe pindi mtu anayefanya kazi na watoto akituhumiwa. Wizara yao ya elimu ikaomba takwimu za Aprili 2009 hadi Machi 2010, na halmashauri zilizojibu zilikuwa zimepokea madai 12,086, ya kila aina: kupigwa, kutukanwa, kutelekezwa, na ya kingono. Kati ya hayo, 2,827 yalihusu walimu wa shule.

Serikali ilipotangaza matokeo, habari iliyobebwa ni kwamba karibu nusu ya madai dhidi ya walimu yalikuwa ya nia mbaya, au hayakuthibitishwa, au hayakuwa na msingi. Isome tena hiyo sentensi polepole. Ni vitu vitatu vilivyotiwa gunia moja. Ukilifungua lile gunia, madai yaliyoonekana kuwa ya nia mbaya, yaani mtu alikaa chini akatunga, yalikuwa kama asilimia 2. Karibu nusu, na asilimia 2, na zote zimetoka kwa karatasi ile ile! Anayetaka kutetea walimu atabeba ile nusu. Anayetaka kutetea watoto atabeba 2. Wote wawili watakwambia "takwimu zinasema".

Yaliyobaki ndani ya gunia ndiyo ya kuangalia. Kuna fungu la "halikuthibitishwa". Mwongozo wa Uingereza wenyewe unasema neno hilo maana yake ushahidi haukutosha kuthibitisha wala kukanusha, na kwamba halimaanishi mtu ana hatia au hana. Ndani ya fungu hilo yumo mwalimu aliyedhulumu akaponea, na yumo mwalimu ambaye hakumgusa mtu, na ukiyasoma mafaili yao yanafanana kama mapacha. Kuna fungu la "halina msingi": mwalimu alimvuta mtoto mkono asigongwe na bodaboda, mtu akaona kwa mbali akaelewa vingine. Hapo hakuna dhuluma, na hakuna mwongo pia.

Hata ile 2 usiikumbatie. Ili mchunguzi aandike "nia mbaya", lazima athibitishe kwamba aliyetoa dai alijua kabisa si kweli. Kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa mtu ni kazi ngumu sawa na kuthibitisha dhuluma yenyewe iliyofanyika faraghani. Kwa hivyo 2 ni yale yaliyothibitika. Mengine yaliyotungwa huenda yamelala pale kwenye "halikuthibitishwa", na hakuna ajuaye ni mangapi.

Na inategemea ni nani ameshika kalamu. Kuna utafiti mwingine wa Uingereza uliotolewa na wizara ya mambo ya ndani mwaka 2005. Huo ulihusu kesi za ubakaji, si za walimu, lakini una somo. Polisi walikuwa wameandika "uongo" kwenye asilimia 8 ya kesi. Watafiti walipoyapekua mafaili na kuondoa zile ambazo polisi walikuwa wakishuku tu bila ushahidi wa maana, ikashuka hadi 3. Mafaili ni yale yale. Kilichobadilika ni swali alilojiuliza aliyeyasoma.

Sasa usije ukaondoka hapa ukidhani kusingiziwa ni hadithi. Kupo, na kunavunja maisha ya mtu. Mji wa Newcastle, Uingereza, mwaka 1993, walezi wawili wa kituo cha watoto wadogo, mwanamke na mwanamume, walituhumiwa kuwadhulumu watoto waliokuwa wakiwalea. Mwaka 1994 kesi ikaanguka, jaji akaamuru waachiliwe. Baraza la mji halikuridhika, likaunda jopo lake, na 1998 jopo likachapisha ripoti kwamba wawili hao walifanya hata hivyo. Wakaishi kwa kujificha. Ikabidi wao wenyewe waende kortini kushtaki kwa kuharibiwa jina, na 2002 jaji akasema hawakufanya, kila mmoja akapewa fidia ya pauni 200,000. Miaka 9 hiyo. Pauni hazirudishi miaka.

Ila hebu mtafute mwongo katika kisa hicho. Humpati kirahisi. Watoto walikuwa wadogo mno, wa umri wa kwenda chekechea. Wazazi walikuwa wameingiwa na hofu, na mzazi gani hataingiwa na hofu? Watoto wakaulizwa, wakaulizwa tena, kwa maswali yaliyobeba majibu ndani yake. Watafiti kama Stephen Ceci na Maggie Bruck wametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtoto mdogo sana, akielekezwa kwa maswali mara kwa mara, anaweza kusimulia tukio ambalo halikutokea, na akalisimulia kwa yakini, na hata mtaalamu asijue tofauti. Maneno yake si kweli, lakini mtoto hadanganyi. Anawapa wakubwa kile wanachoonekana kukitaka.

Kwa hivyo ndugu yangu unayesema "mtoto hadanganyi", hujakosea, lakini hujajibu swali. Swali ni mtu mzima alimuuliza vipi. Nawe dada unayesema "watoto waongo", umemtukana mtoto bure. Dai lisilo kweli na dai la mwongo ni mambo mawili, na mtu akikupa asilimia moja ya yote mawili pamoja, mrudishie.

Tena ukitaka kujua wanaotunga ni akina nani, Kanada walijaribu. Kwa takwimu za 1998, katika chunguzi 7,672 za watoto kuteswa au kutelekezwa, zaidi ya theluthi moja hazikuthibitishwa, lakini zile ambazo maafisa waliona zilitungwa makusudi zilikuwa asilimia 4. Palipokuwa na wazazi wanaogombania mtoto, zikapanda hadi 12. Na watungaji wakubwa hawakuwa watoto. Aliyeongoza ni mzazi asiyekaa na mtoto. Mtaani kwetu hilo si geni: talaka iliyojaa sumu, ugomvi wa kamati ya madrasa, maneno ya kiwanja cha wakfu, na mtoto anageuzwa jiwe la kumpigia mtu. Aliyelirusha ni mtu mzima.

Turudi nyumbani, kwenye korti zetu. Kuna kauli moja ambayo lazima umeisikia: "Korti ilimwachilia, kwa hivyo alisingiziwa." Kuna kesi ya kuijua hapa. Wasichana wawili wa shule ya msingi Nakuru walisema naibu wa mwalimu mkuu amewadhulumu. Kesi ya jinai ikaenda, mshtakiwa akaachiliwa. Kwa hesabu ya mtaani, hiyo imeshaingia kwenye safu ya "waliosingiziwa". Lakini wasichana wakaenda Mahakama Kuu kudai haki zao za kikatiba, na Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba walidhulumiwa kweli, akaibebesha serikali na TSC dhamana, na akaamuru walipwe fidia ya jumla ya shilingi milioni 5. TSC ikakata rufaa, na 2020 ikashindwa.

Vipi korti mbili zitoe majibu tofauti kuhusu jambo moja? Si kwamba moja ilinunuliwa. Korti ya jinai inataka uthibitisho usioacha shaka ya maana, manake inakaribia kumfunga mtu: kumnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha, wa 12 hadi 15 si chini ya miaka 20. Kesi ya madai inauliza tu, kwa ushahidi ulioko, lipi lina uzito zaidi, lilitokea au halikutokea? Kipimo tofauti, jibu tofauti. Kwa hivyo anayehesabu madai ya uongo kwa kuhesabu walioachiliwa, anahesabu kitu kingine kabisa.

Hapa nataka uniskize vizuri, kwa sababu hili linatugusa sisi hasa. Sisi kama jamii tumezoea kuona vijana wetu wakishikwa, picha zao zikitembezwa kwenye TV na neno "mshukiwa", kisha kesi inaanguka na hakuna kamera inayorudi. Tumepiga kelele miaka yote: aliyeachiliwa ni msafi mbele ya sheria, mwacheni aishi. Hatuwezi kuubadilisha msimamo huo siku ambayo aliyeachiliwa ni mwalimu tusiyempenda. Na pia hatuwezi kuugeuza uwe fimbo ya kumchapia mtoto. Mwalimu ameachiliwa: kisheria hana hatia, apewe heshima yake. Hilo halimaanishi korti imesema mtoto ni mwongo. Haikuulizwa swali hilo. Mambo haya mawili yanaweza kukaa nyumba moja, hata kama hayatusongi vizuri kifuani.

Kisha kuna kesi ambazo hazifiki hata kwa hakimu. Wazee wanakaa, wanakubaliana, mbuzi au pesa zinatembea, ama familia inaogopa aibu ya binti yao asije akakosa kuolewa. Mtoto anafundishwa akaseme "nilikosea". Faili linafungwa: mlalamishi amebadilisha maneno. Ukija kesho na kalamu yako kuhesabu, hilo nalo utaliandika uongo? Na lile lingine ambalo mtoto alibadilisha maneno kwa sababu kweli halikutokea, utalitofautisha vipi? Yameandikwa kwa sentensi moja, na askari mmoja, pengine siku moja.

Kenya tuliwahi kujaribu kulimaliza jambo hili kwa sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ilipopitishwa 2006, bunge lilitia ndani yake kifungu cha 38: atakayetoa madai ya uongo apewe adhabu sawa na ya kosa alilodai. Fikiria. Mama wa msichana wa miaka 10 anaenda kituoni akijua kesi ikimgeukia, adhabu anayoikodolea macho ni ile ile ya mbakaji. Wabunge waliokitaka walisema kinalinda wasio na hatia. Kilichofanya ni kuwatisha waliokuwa na jambo la kweli la kusema, na kiliondolewa 2012. Na si kwamba sasa kusingizia ni ruhusa. Kumpa afisa wa serikali habari unayojua ni ya uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, lilikuwa kosa na bado ni kosa.

Yote hayo ni ya shule na korti. Sasa niambie, madrasa? Duksi? Kituo cha mayatima cha mtaani? Mwalimu wa shule akituhumiwa, angalau kuna TSC, na Waraka nambari 3 wa 2010 unaomtaka mwalimu mwenzake aliyejua aripoti ndani ya saa 24. Ustadh wetu wengi hawako kwenye orodha ya TSC. Akituhumiwa, kamati inakaa, anahamishwa mji mwingine "apumzike", na hakuna hata karatasi. Kama alifanya, kuna watoto wapya wanamsubiri. Kama hakufanya, uvumi utamfuata mpaka huko, na hatakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba aliwahi kuchunguzwa akaonekana msafi. Hayo maficho yanamuumiza mtu mwema na mtu mbaya kwa pamoja, na anayefaidika ni yule mbaya peke yake.

Na usiniletee mashahidi wanne. Mimi si shekhe, nenda kawaulize wenye elimu, lakini sharti hilo ni la kuthibitisha zina kwa ajili ya hadi. Mtoto aliyevunjiwa mwili wake hamshtaki mtu zina, anaeleza alivyofanyiwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 124, inaruhusu korti kutegemea ushahidi wa mtoto peke yake katika makosa ya kingono, mradi hakimu aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu zake. Andika sababu! Hilo ndilo kamati zetu hazifanyi. Na vilevile amri ya kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu, ile tuliyohifadhi wote katika Suratul Hujurat, haikuja ili habari izikwe. Kuhakikisha ni kazi. Unatoka, unauliza, unaandika.

Kwa hivyo mtu akikuuliza ni wangapi wanaosingiziwa, mwambie waliojaribu kuhesabu wamepata kati ya wachache sana na wasiojulikana, na kwamba kesi iliyo mbele yenu haiamuliwi na kesi za wengine. Hata kama asilimia 99 ya madai yangekuwa kweli, huyu ustadh anaweza kuwa yule mmoja. Hata kama nusu yangekuwa uongo, huyu mtoto anaweza kuwa wa ile nusu nyingine. Utajua kwa kuangalia jambo lenyewe.

Na jambo lenyewe linaharibika haraka, mara nyingi kwa mikono yetu sisi vijana. Mtoto akikuambia kitu, msikize, usimwongoze. "Ilikuwaje?" inatosha. Ukimuuliza "ni ustadh fulani, eh? alikushika hapa?", umeshamtilia maneno mdomoni, na wakili wa mshtakiwa atayatoa huko miezi sita baadaye, mtoto akose haki yake ama mtu asiye na hatia afungwe. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe na saa. Asioge, nguo zisifuliwe, apelekwe hospitali ajaziwe fomu ya uchunguzi, kisha P3 polisi. Usimrekodi video. Usitie jina la mtoto wala la mtuhumiwa kwenye grupu. La mtoto ni kosa kisheria, na la mtuhumiwa ukilitia unaweza kumharibia mtu asiye na hatia, au umuonye mwenye hatia afute ushahidi. Mwalimu akae kando na watoto wakati uchunguzi unaendelea, na iandikwe wazi kwamba kukaa kando si adhabu.

Halafu kamati ya madrasa yenu ikikutana mwezi huu, nenda na swali moja tu: dai likija, linaandikwa kwenye daftari gani, na nani analishika? Wakikuonyesha daftari, uliza mwisho wa kila jambo unaandikwaje. Wasikubali "imeisha". Iandikwe limethibitika, ama limekanushwa, ama halikuthibitika upande wowote, ama mtu alielewa vibaya, ama limetungwa na imejulikana limetungwa na nani. Wakikwambia hakuna daftari kwa sababu hapa kwetu mambo kama hayo hayajawahi kutokea, waulize wamejuaje.

Nambari ya simu ya watoto ni 116. Ni bure, mchana na usiku.